Shuka Nililotandika Kabla ya Picha

Nimekabidhi kamera wiki iliyopita. Dada Neema wa mradi akaniambia, "Bibi, andika. Hawa wanaobaki wasije wakaanza upya." Nikamwambia darasa la nne halikunifundisha kuandika vitabu. Akasema niandike kama ninavyosema. Basi nasema. Mkikuta nimekosea herufi, rekebisheni kimoyomoyo, wala msinicheke mbele ya watu.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa ya kamera. Ilikuwa ya ndoo na fagio. Nilikuwa mfagizi wa zahanati ya kijijini kwetu, huku juu Masama, tangu Eliamini wangu akiwa mgongoni mpaka alipooa. Zahanati yenyewe ilikuwa vyumba vinne, nesi mmoja, na bomba lililokauka kabla sijaajiriwa. Maji niliyapata mferejini, nikayabeba kichwani. Nilipiga deki asubuhi na mchana. Wakubwa wa wilayani wakitarajiwa, nesi alitoa kichwa dirishani akaita, "Mama Eliamini, wageni!" Hapo nilifahamu la kufanya. Kilichovunjika kilienda nyuma, kilichochafuka kilifunikwa, na mimi nilivaa gauni la kanisani chini ya koti la kazi. Wageni walifika, wakasema pasafi, wakanywa chai, wakaondoka. Nilijisikia vizuri. Kwetu mgeni haonyeshwi uchafu. Hata mwenye njaa hufagia uwanja kwanza.

Mradi ulipokuja kutafuta mtu wa kufundisha wenzake, mkutano wa kijiji ulimpendekeza mwalimu mmoja mstaafu. Alisimama kushukuru, akashukuru mpaka wageni wakaanza kutazama saa. Kisha wakataka kuona chumba cha kufundishia pale zahanati, na funguo nilikuwa nazo mimi. Nilipowafungulia, Dada Neema akaniuliza ninawafahamu akina mama wangapi wa hapa. Nikamwambia aniulize nisiowafahamu, ndio wachache. Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sikuwa na cheti, nilikuwa na funguo.

Kamera ya kwanza niliyopewa niliifunga kwenye kanga nikaiweka juu ya kabati la vyombo. Ikakaa siku nne. Niliogopa kwamba nikiigusa itaisha. Dada Neema alipokuja kuniuliza nimepiga nini, nilimwambia bado naitazama. Yeye ni mtoto wa Dar es Salaam, anaongea upesi, ila si mjeuri. Akakaa nami jikoni akanieleza kazi. Watu wa kawaida wanapewa kamera, wanapiga picha za vitu vinavyowaharibia afya. Halafu wanakaa pamoja, kila mtu anaeleza picha yake: hapa kuna nini, kwa nini kiko hivi, tunataka nani afanye nini. Kisha picha zinapelekwa kwa wenye mamlaka ili wabadilishe taratibu.

"Kwa hiyo nikimpelekea mkubwa picha ya choo, atajenga choo?" nikamuuliza.

"Ndiyo, Bibi. Tunaita ushawishi."

"Sisi tunaita kumuaibisha mtu."

Akacheka sana. Mimi sikuwa natania.

Walinipeleka Moshi mjini kwa Mzee Rajabu nijifunze kushika kamera. Studio yake ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa kochi, simu ya mezani na chungu cha maua. Mbele ya pazia lile walipiga picha maharusi wote wa zamani. Alikuwa na koti moja jeusi ambalo aliwaazima wanaume waliokuja na shati tu. Koti lilikuwa limepigwa picha nyingi kuliko mtu yeyote mkoani. Mzee Rajabu hakuwa na subira. Ukitikisa mkono anakupiga kibao kwenye kiwiko. "Bana viwiko mbavuni, mama! Pumzi ishikilie. Haya, bonyeza sasa, usibonyeze kama unaua kiroboto."

Yote niliyowafundisha nyinyi yametoka kwake. Jua likae mgongoni kwako. Kioo cha kamera ufute kwa pamba laini, si kwa pindo la kanga lililokuwa limefungia maharage. Picha moja, jambo moja. Chini ya migomba kuna giza hata saa sita, kwa hiyo mtoe mtu nje au subiri. Kwa hayo namshukuru, na alipofariki nilikwenda msibani.

Lakini alikuwa na maneno yake aliyoyapenda: "Mtu anaingia kwangu amechoka, anatoka waziri." Niliyapenda na mimi. Sikufikiri kwamba yeye alikuwa anauza picha ya kutundika sebuleni, na mimi nilikuwa nimetumwa kuleta picha ya kuwekwa mezani kwa wakubwa. Hizo ni kazi mbili. Hakuna aliyenitenganishia, na mimi sikujitenganishia.

Kundi langu la kwanza lilikuwa akina mama tisa, na baba mmoja aliyemsindikiza mkewe kwa wivu akabaki kwa kupenda. Niliwatuma wakapige kinachowasumbua kiafya. Wakarudi baada ya wiki. Wote walikuwa wamepiga mlima.

"Mlima unaumwa nini?" nikawauliza.

"Ulikuwa umefunguka, Bibi," mmoja akasema. "Hakuna wingu hata moja."

Niliwarudisha. Mara ya pili walileta watu wao wakichota maji mferejini, ila kila aliyechota alikuwa na gauni la pasaka na kilemba. Ukimwambia mtu utampiga picha, anarudi ndani kubadilisha nguo. Tulipoenda Kahe, kule chini kwenye joto na mashamba ya mpunga, ilikuwa hivyo hivyo. Bibi mmoja mwenye kidonda cha mguu alikataa kata kata mpaka apakwe mafuta, mguu mzima ule, kidonda kikabaki kinang'aa. Niliwafokea watu kwa jambo hilo. Niliwaambia, "Onyesheni kilivyo. Mkubwa haponyi kitu asichokiona." Niliisema sentensi hiyo miaka yote, katika kila darasa, kwa sauti ya kufokea.

Vifaa sitavisemea sana, mnavijua. Wakati wa masika kamera ikae ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko ndani ya mfuko. Betri ichajiwe kabla hujaombwa. Kadi niliziandika majina kwa plasta ya zahanati. Fomu ya ridhaa isomwe yote kwa lugha anayoielewa mtu, na asiyeandika aweke dole gumba. Nimewahi kumfukuza darasani mtu aliyewapiga picha wagonjwa kwenye foleni kwa siri kutoka dirishani. Alisema picha ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kweli. Nikaifuta mbele yake.

Tulishinda mara moja. Ilikuwa upande wa Marangu, kwenye zahanati ambayo choo cha wagonjwa hakikuwa na mlango. Mama mmoja alipiga picha ya kanga iliyotundikwa badala ya mlango, na chini yake miguu ya mgonjwa. Halmashauri ilipoiona, mlango ukaletwa mwezi ule ule. Kitasa hakikuletwa, lakini mlango ulikuja. Nilirudi nyumbani nimevimba kichwa. Nikasema sasa ni zamu ya kijiji changu.

Kijijini kwangu shida ilikuwa moja, nayo mtoto mdogo aliijua. Zahanati yetu ilikuwa na chumba kilichojengwa cha kujifungulia, lakini halmashauri haikukiruhusu kutumika. Hapakuwa na maji, kitanda kilikuwa kimevunjika mguu na godoro lake limechanika lote, na nesi ni yule mmoja. Kwa utaratibu wao, mama wa kwetu ashuke kituo cha afya cha chini. Barabara ya kushukia ni ya udongo mwekundu. Ikinyesha, gari halipandi. Tulitaka halmashauri ifanye mambo matatu: ilete maji, ilete kitanda, iongeze nesi, halafu iruhusu chumba kifunguliwe. Nimesema matatu, ni manne. Neema alikuwa ananikosoa hapo kila mara.

Katika kundi la kijiji chetu alikuwepo Aikande. Alikuwa ameolewa nyumba ya tatu kutoka kwangu, na mume wake Godlisten ni mpagazi, anabeba mizigo ya watalii mlimani. Mama yake mzazi tuliimba kwaya pamoja tangu usichana. Aikande alikuwa anakata majani ya ng'ombe asubuhi na kuja darasani na harufu ya majani. Maneno machache, mzaha mwingi.

"Shikamoo Bibi. Leo unamfokea nani?"

"Marahaba. Wewe, ukichelewa tena."

Huyu hakupiga mlima. Picha yake ya kwanza ilikuwa ndoo za siku ya kliniki. Kwa vile zahanati haina maji, kila mjamzito alikuja na ndoo yake, na walizipanga ukutani. Aikande alipiga ndoo tu, nyingine mpya, nyingine zimezibwa kwa plastiki ya kuyeyushwa, nyingine zimeandikwa majina ya mabinti wa watu. Hapakuwa na mtu hata mmoja kwenye picha ile na bado uliwaona wote. Niliitazama sana. Nikamwambia tu kwamba imekaa upande kidogo. Sikuwa na tabia ya kusifu, na sasa siwezi kuanza.

Halmashauri ikatupa siku ya kwenda kuonyesha picha zetu mbele ya kamati. Aikande wakati huo alikuwa na mimba ya kwanza, imeshaonekana. Akaja na wazo. Yeye akae juu ya kitanda kibovu cha kile chumba, na mimi nimpige. Waone mama, waone tumbo, waone kitanda. Picha moja, jambo moja. Nikamwambia kesho asubuhi.

Asubuhi ile nilitangulia. Nilipofungua chumba nikakiona kama atakavyokiona mwenyekiti wa halmashauri. Sakafu ina vumbi la popo. Godoro linaonyesha sifongo iliyokuwa nyeusi. Na mimi ndiye niliyekuwa mfagizi wa pale maisha yangu yote! Watasema nani alikuwa anatunza hapa? Nikachota maji mferejini, nikapiga deki. Nikafuta kuta. Mguu uliovunjika wa kitanda nikauegemeza kwa matofali na matofali nikayafunika. Halafu nikaenda nyumbani nikachukua shuka langu jeupe, lile la wageni, nikalitandika juu ya godoro, nikalikunja pembe kama hospitali.

Aikande akaja amevaa gauni la kazini, kama tulivyokubaliana. Akasimama mlangoni.

"Bibi, mbona umetandika?"

"Utakalia sifongo yenye vumbi la popo na tumbo hilo?"

"Ndiyo. Ndiyo tuliyoyasema."

"Kabadilishe gauni. Vaa kile kitenge cha njano."

"Bibi, wewe ndiye uliyetufundisha tuonyeshe kilivyo."

"Nilikufundisha kupiga picha. Sikukufundisha kuwavua nguo wenzako mbele ya wilaya nzima."

Akanitazama. Angekuwa msichana wa mjini angebishana. Wetu hawabishani na bibi. Akasema, "Haya, Bibi," akaenda kubadilisha. Aliporudi alikuwa amependeza. Alikaa kwenye shuka langu, mikono kwenye tumbo, na kwa kuwa nilimwambia asinune, akatabasamu. Nikabana viwiko mbavuni. Nikashika pumzi. Ni picha iliyotulia kuliko zote nilizowahi kupiga.

Kwenye kamati mwenyekiti alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Picha zilibandikwa ukutani. Akapita akizitazama moja moja, akafika kwenye ya Aikande akasimama.

"Hiki ndicho chumba kibovu?"

"Ndicho, mheshimiwa," nikasema.

"Mama, hiki ni kizuri kuliko wodi niliyolazwa mimi."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Nikasimama. "Mheshimiwa, chini ya shuka godoro limechanika na kitanda kimevunjika mguu."

"Shuka la nani?"

"La kwangu."

"Kwa hiyo mama yangu umetuletea picha ya shuka lako?"

Wakacheka tena, na safari hii hata katibu aliyekuwa anaandika aliweka kalamu chini. Uamuzi ukasomwa pale pale: chumba kiko katika hali nzuri, kijiji kisubiri, waanze wenye hali mbaya zaidi. Watu wa kijiji cha jirani walioleta picha ya ukuta ulioanguka walipewa kila kitu. Wale sikuwafundisha mimi. Na kabla hatujatoka, ofisa mmoja akaomba ile picha ya Aikande waikuze, inafaa kutundikwa mahali watu wanaposubiri.

Tukarudi nyumbani. Nilisubiri Aikande anilaumu. Hakunilaumu. Alisema, "Usijali Bibi, mtoto akizaliwa tutarudia. Nitakuja naye, amlilie mwenyekiti." Ningependa zaidi angenitukana.

Masika ilianza mapema. Uchungu ulimpata Aikande kabla ya siku zake, mchana, mvua inanyesha tangu alfajiri. Godlisten alikuwa mlimani na wageni. Nesi alikuwa ameitwa kwenye kikao mjini. Nilikuwa natoka kufundisha niliposikia wakinong'ona barabarani, nikaenda. Gari la wagonjwa lilipigiwa simu, likafika kwenye mteremko wa kwanza likaserereka, likabaki hapo. Wanaume wanne waling'oa miti ya kuegemezea migomba kwenye kihamba, shamba la migomba la nyumbani, wakaifungia blanketi, ikawa machela. Tukaanza kushuka. Mimi nilikuwa pembeni na mwavuli, namfunika uso.

Tulipita mbele ya zahanati. Chumba kilikuwa kimefungwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwangu. Nimelifikiria hilo mara nyingi. Hata ningefungua, ningemweka juu ya nini, na nani angemshika?

Tulipofika kwenye kijito alinishika mkono.

"Bibi, kamera unayo?"

"Ninayo kwenye begi."

"Piga. Hii ndiyo picha."

"Nyamaza, pumua."

"Bibi, piga. Nimekubali. Fomu nitasaini baadaye." Akajaribu kucheka, uchungu ukamkata.

Sikupiga. Nguo zilikuwa zimemtoka, na damu ilikuwa imefika kwenye blanketi. Nikavua kanga yangu nikamfunika. Aliishia pale kabla hatujafika lami, na mtoto hakulia. Wanaume walisimama na machela mabegani, hawakujua kama waendelee kushuka au wageuze. Nikasema mimi: "Geuzeni."

Mmoja wenu aliwahi kuniuliza darasani kwa nini sikupiga, wakati mwenyewe alikubali na ingewafungua macho. Nilimjibu vibaya, najua. Nitamjibu sasa. Hilo la pili, la kutopiga pale kijitoni, silijutii. Mtu anayekufa hana nafasi ya kuridhia, hata akisema ndiyo. Ninalojutia ni la kwanza, la shuka, kwa sababu siku ile alikuwa mzima, ana akili zake, akaniambia ukweli nikamwambia akabadilishe nguo.

Godlisten alishuka siku ya pili akiwa bado na begi la mgeni mgongoni. Tulimzika Aikande kihambani kwa mume wake, na mtoto pamoja naye. Mama yake hakunitazama wala hakunikwepa. Nilitamani kwenda kwake baada ya msiba, lakini nikajiambia sitaenda mikono mitupu. Nitaenda na habari kwamba chumba kimefunguliwa. Nitamwambia, mwanao amekifungua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kuanzia siku hiyo, sikuwa na nyingine. Madarasa niliyaendesha, nikafokea watu kama kawaida, ila moyoni nilikuwa nashughulikia hilo tu.

Tulipiga picha upya. Niliondoa shuka, nikaondoa matofali, nikashusha hata pazia. Vumbi la popo lilikuwa limerudi, na sikulifagia. Ilinichukua nguvu nyingi kutofagia, mikono ilikuwa inawasha. Wenzake Aikande walipiga bomba kavu, wakapiga matope, wakapiga ile miti ya migomba imelala pembeni mwa barabara. Picha zilikuwa za kweli. Kama mnataka kujua picha ya kweli inafananaje, zipo kwenye bahasha ya kahawia, Neema anayo.

Tulipewa siku baada ya kuandika barua nyingi. Nilipofika nikaambiwa nisubiri kwenye ukumbi mdogo wa nje, na pale ukutani, kwenye fremu ya dhahabu, alikuwa Aikande na kitenge chake cha njano. Chini wameandika kwamba huduma za mama na mtoto zinaboreshwa. Akina mama waliokuwa wanasubiri walikaa chini yake, mmoja akamwonyesha mwenzake kidole, "Angalia wenzetu wanavyotunzwa."

Nikamwendea karani. "Mwanangu, ile picha ishusheni. Huyo binti amefariki."

"Pole sana Bibi. Kwani wewe ndiye mwenye picha?"

"Nimeipiga mimi."

"Basi andika barua."

Kwenye kamati mwenyekiti alikuwa mwingine, na wajumbe wengi wapya. Walituliza nyuso, walitusikiliza. Mama mmoja diwani alitokwa na machozi. Halafu mwenyekiti akasema bajeti ilikuwa imeshafungwa, na kwenye majalada yao chumba chetu kilikwisha kukaguliwa kwa picha, kikaonekana ni kizuri. Ili hali ya kwenye jalada ibadilike lazima mkaguzi aje mwenyewe. Mkaguzi angekuja lini? Watatujulisha.

Nilisubiri. Nilipiga simu mpaka karani akaijua sauti yangu, akawa ananisalimia shikamoo kabla sijasema ni nani. Masika nyingine ikapita. Mkaguzi hakuja. Hajaja mpaka leo ninapoandika, na akina mama wa kwetu wanaendelea kushuka ile barabara. Chumba kimefungwa. Nawaambia hivi ili asitokee mtu kuwaambia kwenye semina kwamba kazi hii hubadilisha mambo. Mara nyingine huleta mlango. Fundisheni hata hivyo, kwa kuwa hamna kitu kingine mkononi, lakini msimwahidi mtu.

Mwezi uliopita nilikubali kwamba habari ya kumpelekea mama yake Aikande haitakuwepo. Wiki iliyopita nikaenda bila habari. Nilikata jani la isale, ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Kwetu, ukiwa umemkosea mtu, unampelekea jani la isale, naye hana ruhusa ya kulikataa. Hata kama umemuulia mtu wake. Akilipokea, neno limekwisha, halisemwi tena.

Nilimkuta uani anachambua maharage. Tuliongea Kichagga, mimi naandika Kiswahili.

"Mama Eliamini. Umepotea."

"Nimekuja," nikasema, nikamnyooshea jani.

Alilitazama muda mrefu. Hakuniuliza kosa, kwa hiyo nilijua kwamba alikuwa analijua, la shuka na la kitenge, siku zote. Aikande alikuwa amemsimulia. Akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akaliweka kwenye ungo pamoja na maharage.

"Nimepokea," akasema.

Nilisubiri nione usoni kama kuna kitu kimelegea. Hakuna kilicholegea. Mila imemlazimisha apokee, haikumlazimisha anipende. Sitajua kamwe kama nimesamehewa au nimepokewa tu, na sasa hata kuuliza nimejizuia mwenyewe, kwa sababu neno limekwisha.

Nikainuka niondoke. Nikiwa nimefika migombani akaniita.

"Ile picha ya mwanangu, unayo?"

"Ninayo moja. Ya uongo ile, mama. Ndiyo iliyotuponza. Nilikuwa nataka kuichoma."

"Usiichome," akasema, akaendelea kuchambua maharage. "Mimi sina nyingine."

Nilimpelekea kesho yake, na siku iliyofuata nikakabidhi kamera.